Mapacha wa dawa wasiotaka kuachana: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: dawa ambazo molekuli zake zina maumbo mawili, moja likiwa taswira ya jingine kwenye kioo, na namna ya kuyatenga kwa mashine ya HPLC, ile inayosukuma kiyeyushi kupitia kolamu, yaani bomba lililojaa chembe, na kuchora kilele kwa kila kitu kinachotoka. Hapa tutayaita mapacha. Aliyeuliza kwa kirefu amejibiwa kwa kirefu. Wengine watuwie radhi.

Nasoma famasia Mbarara. Kwenye mazoezi tuliingiza ibuprofeni kwenye kolamu ya C18 tukapata kilele kimoja kizuri. Mwalimu anasema humo ndani mna vitu viwili. Mbona mashine haivioni? – Mwanafunzi wa mwaka wa 3

Mashine haina kosa, na mwalimu wako naye hajakosea. C18, kolamu ya silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18, hupanga vitu kwa jinsi vinavyopenda mafuta au maji. Mapacha wa ibuprofeni wanapenda mafuta sawasawa, wanayeyuka kwa joto moja, wanafyonza mwanga wa UV kwa kiasi kilekile. Ni sawa na kupanga gambuti kwa mizani: ya kulia na ya kushoto zina raba moja, namba moja, uzito mmoja. Ukitaka kuzijua itakubidi uingize mguu.

Kolamu kairali, yaani iliyojazwa kitu chenye umbo la mkono mmoja, ndiyo mguu wenyewe. Zinazotumika zaidi zina chembe za silika zilizobeba selulosi au amilosi, yaani sukari zile za pamba na za wanga, zikiwa zimeongezewa vikundi vya kabameti. Sukari zinazojenga selulosi na amilosi zote ni za mkono mmoja, kwa hiyo mnyororo wake hujisokota upande mmoja na kuacha mifereji. Pacha mmoja huingia humo vizuri na kuchelewa kidogo, mwenzake hupita. Kazi hii ilitengenezwa na Yoshio Okamoto wa Japani, na kampuni ya Daicel ikaanza kuiuza miaka ya 1980.

Ibuprofeni ni asidi, kwa hiyo kwenye kolamu hizo weka asidi ya trifluoroasetiki 0.1% ndani ya heksani na isopropanoli, la sivyo kilele kitavuta mkia mrefu. Na usichanganywe na kwinini na kwinidini, ambazo watu hupenda kuziita mapacha. Kila moja ina vituo kadhaa vya kairali, yaani atomi zinazoweza kupangwa kwa mikono miwili, na baadhi yake ni vilevile katika zote mbili. Hizo ni ndugu wa karibu tu, si taswira ya kioo, ndiyo maana C18 ya kawaida inaweza kuzitenga.

Ndugu wahariri, kiwandani kwetu Kampala tumenunuliwa kolamu kairali ya kwanza, ile ya selulosi iliyopakwa juu ya silika, milimita 250 kwa 4.6, chembe za mikromita 5. Mashine yetu tangu ianze kazi imepitisha methanoli na bafa ya fosfeti tu. Mwenzetu anasema tubadilishe chupa tuweke heksani, tuendelee. Mashine ni hiyo moja. Tumeogopa. – Fundi wa maabara

Mmeogopa mahali panapostahili. Chukueni chupa ndogo ya kioo, mwageni methanoli nusu na heksani nusu, mtikise. Mtaona tabaka mbili. Hicho ndicho kingetokea ndani ya pampu. Asetonitrili na heksani ni vivyo hivyo. Fosfeti nayo, chumvi iliyo kwenye bafa yenu, ikikutana na isopropanoli kabla ya kuoshwa, hugeuka unga mweupe ndani ya vali za pampu, na unga huo hautoki kwa kusihi.

Kolamu mpya ikae kwenye boksi lake kwanza. Toeni C18, mahali pake mfunge kiunganishi, kisha mpitishe hivi:

Maji yenye methanoli 10%, mililita 1 kwa dakika, dakika 30 kwa kila njia ya pampu. Kama mashine ina njia nne na mnatumia mbili, osheni zote nne. Njia iliyosahaulika ndiyo itakayowatapikia bafa wiki mbili baadaye. Baada ya hapo isopropanoli tupu, muanze na mililita 0.5 kwa dakika, maana mnato wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa maji na shinikizo litapanda, kwa dakika 40. Katika muda huo geuzeni vali ya sindano mara kadhaa kutoka kujaza hadi kuingiza ili kitanzi cha sampuli nacho kioshwe. Badilisheni pia chupa ya kusuuza sindano, iwe ya isopropanoli. Ndipo mje na heksani 90 kwa isopropanoli 10, dakika 30, mpaka mstari wa chini wa kigunduzi utulie. Ukiendelea kurukaruka, kuna vitone vya maji vimejificha: rudini kwenye isopropanoli.

Angalieni pia sili za pampu. Sili za kawaida zinazofaa maji na methanoli huchakaa upesi kwenye heksani. Watengenezaji wengi wa pampu wana sili za polithilini kwa kazi hii. Kama kiwanda kitafanya kazi ya heksani kila wiki, ziagizeni sasa.

Kolamu ifungeni kwa kufuata mshale. Anzeni mililita 0.2 kwa dakika, mwongeze taratibu mpaka 1.0 ndani ya dakika kumi hivi, mkiangalia shinikizo lisivuke kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na kolamu. Msukumo wa ghafla wa pampu huweza kusukuma chembe na kuacha pengo kichwani mwa kolamu, na pengo hilo hujionyesha kama vilele vyenye mabega. Nafasi ya kimiminika ndani ya kolamu ya ukubwa huo ni karibu mililita 2.9, kwa hiyo mililita 30 zinatosha kuisawazisha.

Sasa lile linaloua kolamu nyingi. Kwenye kolamu *iliyopakwa*, selulosi imelala tu juu ya silika, haijafungwa. Dikloromethani, klorofomu, asetoni, ethili asetati, tetrahidrofurani, DMF na DMSO huiyeyusha na kuiondoa. Hakuna anayepitisha klorofomu kwa makusudi. Huingia kwa mlango wa nyuma: sampuli iliyoyeyushwa kwa dikloromethani kwa kuwa "ndiyo inayoiyeyusha vizuri", mikrolita 20 leo, 20 kesho, au chupa ya kusuuza sindano ambayo mtu wa zamu iliyopita aliacha na asetoni. Kolamu ikishavuliwa koti lake haivishwi tena. Zipo kolamu ambazo sukari yake imefungwa kwa kemia kwenye silika, nazo huvumilia viyeyushi hivyo. Kama sampuli zenu ni ngumu kuyeyuka, hiyo ndiyo ya kununua mara ya pili, hata kama bei iko juu. Zote mbili ni zaidi ya dola 1,000, kwa hiyo bandikeni orodha ya viyeyushi vilivyokatazwa kwenye mlango wa mashine, kwa herufi kubwa.

Kuhusu heksani yenyewe: inachemka kwa nyuzi 69, na mvuke wake huwaka hata chumba kikiwa baridi. Ukivutwa kwa muda mrefu huharibu neva za miguu na mikono. Hepitani huchemka kwa nyuzi 98, haina madhara hayo ya neva, na mara nyingi hutoa kromatogramu ileile kwa mabadiliko madogo. Gharama ni juu kidogo. Kwa maoni yetu inalipa. Taka zake ziende kwenye kontena lenye kifuniko, kamwe si kwenye sinki.

Natenga klorofenamini maleati kwenye kolamu ya amilosi (250 × 4.6), heksani 98 na isopropanoli 2, nyuzi 25, mililita 1 kwa dakika, nikisoma kwenye nanomita 262. Kilele cha kwanza kinatoka dakika 8.4, cha pili 9.3. Upana katikati ya urefu ni dakika 0.45 na 0.50. Muda mtupu, yaani wa kitu kisichoshikwa na kolamu, ni dakika 3.0. Vimeshikana miguuni. Nimeshusha isopropanoli mpaka hapo, nishushe tena? – Mkemia, Jinja

Usishushe. Asante kwa kuleta namba. Ukiandika tu "vimeshikana" hakuna anayeweza kukusaidia.

Tuanze na utenganifu: 1.18 mara tofauti ya muda (0.9), gawanya kwa jumla ya upana (0.95). Inakuja 1.12. Tunataka angalau 1.5. Kila mtu akiona 1.12 hukimbilia kupunguza pombe, yaani isopropanoli, kama ulivyofanya. Lakini tazama uteuzi: (9.3 − 3.0) gawanya kwa (8.4 − 3.0) ni 1.17. Hiyo si mbaya hata kidogo. Kolamu inawatambua mapacha wako. Sasa hesabu sahani za kilele cha kwanza, yaani kipimo cha jinsi kolamu inavyokifanya kiwe chembamba: 5.54 mara (8.4 ÷ 0.45) kipeo cha pili. Ni karibu 1,900.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kolamu ya urefu huo yenye chembe za mikromita 5 inapaswa kukupa 8,000 na kuendelea. Ungekuwa nazo 8,000, na muda uleule wa kutoka, upana ungekuwa dakika 0.22 na 0.24 hivi, na utenganifu ungepita 2.2. Mapacha wanaachana vizuri, ila vilele vyao ni vinene mno.

Kwa nini ni vinene? Barua yako haikutaja diethilamini. Klorofenamini ni besi. Silika ina pembe zenye asidi, besi hunasa hapo na kuachia polepole, na kilele hunenepa kuelekea nyuma. Tena umeingiza chumvi ya maleati, ambayo kwenye heksani haina mahali pa kukaa. Ongeza diethilamini 0.1%, yaani mililita 1 kwa lita moja ya kiyeyushi, na utengeneze sampuli kwa kiyeyushi hichohicho ili besi iachane na maleati kabla ya kuingia. Pitisha mililita 60 kabla ya kuamini kitu. Diethilamini huchukua muda kukalia pembe zote. Muda wa kutoka utabadilika, usishtuke. Diethilamini ina UV yake kwenye mawimbi mafupi, lakini kwa 262 utakuwa salama.

Unene usipoisha, angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Bomba kati ya sindano na kolamu, na kati ya kolamu na kigunduzi: liwe na tundu la milimita 0.17 au chini, fupi kadiri inavyowezekana, na mwisho wake ugonge kabisa sakafu ya kiungio. Kisha wingi wa sampuli: punguza mara kumi, na kilele kikikonda ujue ulikuwa unaijaza kolamu kupita kiasi. Mwisho kabisa, kolamu yenyewe: ipime kwa sampuli ile iliyotumika kiwandani kwenye cheti chake, kwa masharti yaleyale, ulinganishe sahani.

Jambo moja zaidi kuhusu 98 kwa 2. Kwa pombe ndogo hivyo, kosa la mililita chache kwenye lita husogeza vilele kwa dakika nzima. Usiiachie pampu ichanganye. Pima mwenyewe isopropanoli mililita 20 kwa pipeti, tengeneza chupa moja kubwa ya siku nzima, funika. Chupa iliyo wazi hupoteza heksani mchana wa joto, na jioni vilele vitatoka mapema bila wewe kugusa kitu. Baada ya hayo ukitaka kusogeza uteuzi, badilisha ethanoli mahali pa isopropanoli au shusha joto mpaka nyuzi 15. Mara nyingi baridi huongeza uteuzi, si mara zote.

Sisi huku mwambao wa Ziwa Albert tunagawa vidonge vya prazikwanteli kwa ajili ya kichocho. Watoto wanavitema kwa uchungu. Nimesikia uchungu ni wa pacha mmoja tu. Ni kweli? Na maabara inaweza kuonyesha? – Ofisa wa afya, Buliisa

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kidonge cha kawaida cha miligramu 600 kina mapacha nusu kwa nusu. Wanakemia huwaita mapacha hao R na S. Umbo la R ndilo linaloua minyoo ya kichocho. Umbo la S karibu halifanyi kazi hiyo, na ndilo chungu zaidi. Kwa hiyo mtoto anameza mzigo mara mbili, nusu yake ukiwa uchungu mtupu. Ndiyo sababu ikatengenezwa aprazikwanteli, yenye R peke yake, kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Shirika la dawa la Ulaya, EMA, lilitoa maoni mazuri juu yake Desemba 2023.

Maabara inaweza kuonyesha, na hii ni moja ya kazi nzuri za kujifunzia. Kwa rafiki yako mwenye mashine mpe haya. Kolamu ya selulosi yenye kabameti ya dimethilifenili, heksani 85 na ethanoli 15 kama mahali pa kuanzia, mililita 1 kwa dakika, nanomita 220. Hakuna haja ya asidi wala amini, prazikwanteli haina tabia ya asidi wala besi ya maana.

Apime vidonge 20 apate wastani wa uzito, avisage, achukue unga wenye miligramu 50 za dawa. Autie kwenye chupa ya mililita 50, aongeze ethanoli mililita 30, aiweke kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika 15, aiache ipoe, ajaze hadi alama. Wanga na vijazio vingine havitayeyuka, na visiyeyuke. Achuje kwa kichujio cha PTFE cha mikromita 0.45, amwage mililita chache za kwanza. Kisha mililita 5 kwenda 25, kwa kutumia kiyeyushi cha mashine, si ethanoli. Akiingiza sampuli iliyo kwenye ethanoli tupu, sehemu ya dawa itakimbia na ethanoli na kilele kitapasuka vichwa viwili. Mtu atadhani ameona mapacha kumbe ameona pacha mmoja mara mbili.

Uzuri wa prazikwanteli ni kwamba inajikagua yenyewe. Mapacha hufyonza UV sawasawa, kwa hiyo kidonge cha kawaida lazima kitoe eneo 50 kwa 50. Tukiona 49.7 kwa 50.3 tunalala. Tukiona 53 kwa 47, kabla ya kulaumu kiwanda cha dawa, tunatazama mstari wa chini ulivyochorwa na programu, halafu tunatafuta uchafu uliojificha chini ya kilele kimoja kwa kusoma tena kwenye wimbi jingine. Uwiano ukibadilika wimbi likibadilika, kuna mgeni. Mapacha peke yao hawawezi kubadili uwiano.

Na kilele kipi ni R? Usinakili mpangilio kutoka kwenye andiko la mtu mwingine. Ukibadilisha aina ya pombe tu, kwenye kolamu ileile, mapacha wanaweza kubadilishana nafasi. Ingiza R halisi peke yake uone inakotoka. Hakuna njia ya mkato.

Tuna C18 tu, bajeti imeisha, na tunatakiwa kuhakikisha levofloksasini yetu haina pacha wake wa kulia. Tufunge maabara? – Msimamizi wa ubora, Kampala

Hapana, dada au kaka, fungueni kabati la kemikali. Kama kolamu haina mkono, mkono unatiwa kwenye kiyeyushi.

Mnahitaji fenilalanini, asidi amino yenye mkono, na salfeti ya shaba. Shaba hushika fenilalanini upande mmoja na levofloksasini upande wa pili. Hao watatu wakiungana, kundi lenye pacha wa kushoto (levofloksasini yenyewe) na kundi lenye pacha wa kulia si taswira za kioo tena, ni vitu viwili tofauti, na C18 yenu sasa inaona tofauti hiyo.

Yeyusheni D-fenilalanini gramu 1.32 kwenye maji mililita 900 hivi, ikiyeyuka yote ongezeni salfeti ya shaba gramu 1.0, ile ya fuwele za buluu. Kama mliyo nayo ni unga mweupe usio na maji, chukueni gramu 0.64. Sawazisheni pH iwe 3.5 kwa hidroksidi ya sodiamu iliyozimuliwa, tone kwa tone huku mkikoroga. Mkimwaga kwa pupa litatokea wingu la buluu, ni shaba inaganda, na shaba iliyoganda haimshiki mtu. Jazeni hadi lita moja. pH ipimwe sasa, kabla ya methanoli. Changanyeni sehemu 82 za mmumunyo huo na 18 za methanoli, mchuje, mpitishe mililita 1 kwa dakika, kolamu kwa nyuzi 40, msome kwenye nanomita 294. Chini ya hapo shaba yenyewe huanza kufyonza na mstari wa chini huchafuka.

Msiingize chochote kabla ya mililita 100 kupita. Vilele vinavyotembea kila sindano ni dalili ya haraka, si ya kolamu mbovu.

Kipimo cha mfumo, yaani sampuli ya kuhakikisha mashine inatenga, mnacho dukani: ofloksasini, ambayo ina mapacha wote wawili nusu kwa nusu. Ikitoa vilele viwili sawa vilivyoachana kwa 1.5 au zaidi, endeleeni. Sampuli iwe miligramu 1 kwa mililita, kwenye chupa za kahawia kwa sababu mwanga unaiharibu, na pembeni mtengeneze mmumunyo uliozimuliwa mara 100 kuwa alama yenu ya 1%.

Kwa nini fenilalanini ya mkono wa D na si ya L, ambayo ni rahisi kupatikana? Kwa sababu ya mpangilio wa kutoka. Mkigeuza mkono wa fenilalanini, mapacha hubadilishana nafasi. Mnachotafuta ni kilele kidogo cha pacha wa kulia kando ya mlima wa levofloksasini. Kikitoka mbele ya mlima mtakiona kikiwa 0.2%, kikitoka nyuma kitazama kwenye mkia wake. Kwa D, wa kulia hutangulia. Thibitisheni kwa levofloksasini safi. Kanuni hii ni ya kairali yote: pacha mchafu atangulie, hata kama utenganifu utapungua kidogo.

Jioni toeni shaba kwa maji 90 na methanoli 10, saa nzima, kisha methanoli 70 na maji 30. Msiiache chupa ya fenilalanini mezani wikendi; ni chakula cha ukungu, na Jumatatu mtaukuta kwenye vichujio. Kolamu hiyo iandikieni "SHABA" na isirudi tena kwenye kazi nyingine.

Kwa nini tusitumie polarimita tu? Ni rahisi na haili viyeyushi. – Mbale

Polarimita hupima jinsi mmumunyo unavyogeuza mwelekeo wa mwanga. Kwa kuitambua malighafi, itumieni. Kwa kutafuta uchafu wa 1%, hapana. Chukua dawa ambayo ikiwa safi husoma −100°. Ikiwa na 1% ya pacha wake itasoma −98°. Unyevu wa 2% kwenye unga unatoa jibu hilohilo.

Nikishawatenga na kukusanya pacha safi kwenye chupa, atabaki safi? – Arua

Inategemea dawa. Thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 na kuondolewa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyoharibika, ndiyo mfano mkubwa. Mapacha wake hugeukiana mwilini, hata kwenye maji yenye pH ya damu, ndani ya saa chache. Kumpa mgonjwa pacha mmoja safi kusingemwokoa. Wengi maabarani hukosea hapa: wanaacha sampuli kwenye trei ya mashine usiku kucha, asubuhi wanaona pacha wa pili amezaliwa, wanaandika kwamba dawa ni chafu. Ingiza sampuli ileile saa 0, saa 4 na saa 12. Eneo dogo likikua, tatizo ni trei. Ipoze hadi nyuzi 5 au tengeneza sampuli dakika chache kabla ya kuingiza, na ukikausha ulichokusanya, usichemshe pamoja na diethilamini iliyobaki ndani.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kolamu inaharibika? – Gulu

Ya heksani haidhuriki na kusimama kwa pampu; ikirudi, anza tena 0.2 na upande taratibu. Kinachoharibika ni matokeo: tanuri ya kolamu imepoa na taa ya UV imezimika, kwa hiyo subiri saa nzima na urudie sindano ya kipimo cha mfumo kabla ya kuendelea na foleni. Yenye bafa au shaba ndiyo ya kukimbilia. Kama jenereta haiwaki ndani ya saa moja au mbili, itoe kwenye mashine, ukaisukume maji yenye methanoli 10% kwa pampu yoyote inayopata umeme, ndipo uifunge ncha zote mbili. Kolamu kairali ikikaa zaidi ya siku moja bila kazi, ihifadhi kwenye heksani 90 na isopropanoli 10 isiyo na asidi wala amini, na uandike kwenye kibandiko kilichomo ndani na tarehe.